Fortnite au GTA V kwa kijana wa miaka 13?

Bunduki zimo kwenye magemu yote mawili, ila ukatili wake haulingani hata kidogo. Katika Fortnite, hadi wachezaji 100 huwindana kisiwani. Anayeshindwa hutoweka, bila damu wala maiti. Kwenye viwango vya umri, Ulaya imeipa PEGI 12, yaani kuanzia miaka 12, Marekani ikaipa T, yaani kuanzia miaka 13.

GTA V, iliyotoka 2013, ni PEGI 18. Ina damu, matusi, dawa za kulevya, klabu ya wacheza uchi, na sehemu ambayo mchezaji mwenyewe huchagua zana na kumtesa mtu aliyefungwa kitini. Hilo ndilo linalotusumbua zaidi: kijana hatazami tu mateso, anayatenda kwa mkono wake ili hadithi isonge. Kwa miaka 13, hapana.

Fortnite nayo isiachwe holela. Hatari yake ni watu na pesa: maongezi ya sauti na watu asiowajua, na V-Bucks, sarafu ya ndani ya gemu, zinazolipiwa kwa kadi ya mzazi. Sajili akaunti kwa tarehe halisi ya kuzaliwa, fungua mipangilio ya wazazi, weka PIN ya tarakimu 6, ruhusu sauti kwa marafiki pekee, kisha dai PIN kwa kila malipo. PIN hiyo asiijue.

Na akikuonyesha "GTA V ya Android", ifute. Rockstar, kampuni inayoitengeneza, haijawahi kuitoa kwa simu. Faili hizo ni bandia, na nyingine hubeba virusi.