Tuni ya Marshall na yule bibi wa kamati

Natoa nyota mbili, na ya pili ni ya mwalimu peke yake. Darasa ni la jioni hapa Glasgow, la kujifunza tuni za asili za Uskoti kwa ala mchanganyiko: kuna wenye fidla, wenye filimbi za bati, mmoja mwenye mandolini, na mie na akodioni yangu kukuu. Bei na ratiba mtatafuta wenyewe. Nilichokuja kusema kinamhusu bibi mmoja wa kamati ya darasa.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka jana, baridi ishaanza kuuma. Mwalimu alikuwa anatufundisha strathspey moja, yaani tuni ya dansi ya Kiskoti, ya William Marshall, yule mtumishi wa Duke wa Gordon aliyetunga tuni huku akisimamia nyumba ya mkubwa wake. Karatasi hakuna. Mwalimu anapiga kipande, tunamfuata, anarudia, mpaka vidole vinajua njia vyenyewe. Mie nimekulia Unguja, nyumba ya watu wa taarabu, kushika muziki kwa sikio si kazi ngeni kwangu. Lakini strathspey ina ukorofi wake. Noti fupi inaitangulia ndefu, kama mtu aliyejikwaa kizingitini akawahi kushika ukuta. Ukiinyoosha tu, imekufa. Basi nikaweka simu kitini, nikarekodi mzunguko mmoja nikausikilize nyumbani, na nimpelekee kakangu Zanzibar, mpiga fidla.

Mwalimu aliniona na hakusema kitu. Aliyekuja ni bibi wa kamati, aliyekuwa anakusanya vikombe vya chai. Wala hakuniita pembeni! Alinisimamia mbele, darasa zima macho kwetu, akaniambia hairuhusiwi na nifute pale pale huku anatazama. Mwalimu akasema yeye hana neno. Bibi hata hakumgeukia. Akasema tuni hizi hazitolewi nje ovyo, kisha akaniuliza, kwa sauti ile ya kumsemesha mtoto, kwani kwetu hatuna muziki wetu?

Nilifuta. Ilikuwa imeshatumwa.

Muziki kwetu upo, bibi, tena mwingi. Fidla na akodioni hazikuota Unguja. Zilikuja, zikakaribishwa, leo taarabu bila hizo huijui. Na akodioni haikuota Uskoti pia. Ilitoka Ulaya bara karne ya 19, na Jimmy Shand, mtoto wa mchimba makaa wa Fife, aliipiga mpaka ikawa ndiyo sauti ya dansi zao. Leo mwenye ala ya kuja ananiuliza mie nimekuja kuchukua nini.

Halafu eti hazitolewi nje. Marshall alifariki 1833! Kama kuna mtu mwenye haki ya kulalamika kuhusu tuni hizo ni yeye, na alilalamika akiwa hai, kwenye kitabu chake cha 1822, kwamba wengine wamezichapisha bila kumtaja na kuzibadilisha majina. Fungua vitabu vya akina Gow, ukoo wa Niel Gow wa Inver, mpiga fidla mkubwa kuliko wote wa zama zake, utazikuta humo zimevalishwa majina mengine. Mie nilipomtumia kakangu nilimwandikia jina la Marshall kabla hata ya salamu. Sasa nani aliyeiba hapo?

Nyota moja. Ile ya pili nairudisha mfukoni.

Lakini ngojeni niwe mkweli, maana kuna jioni moja ya tuni za zumari la mfuko ambayo siwezi kuidhulumu. Zumari lile lina noti tisa tu, na halijui kunyamaza, kwa sababu mfuko unasukuma pumzi muda wote. Ukitaka noti ileile mara mbili, utaitenga vipi? Wapigaji huchomeka kati yake noti ndogo ya haraka, hata hujui kama umeisikia. Mwalimu akazunguka mtu mmoja mmoja: mwenye filimbi akaonyeshwa kuinua kidole na kukirudisha, mwenye fidla vilevile kwenye uzi wake, na mie kidole kiguse kitufe cha juu na kuruka kama kimeungua. Akodioni yangu ikalia kizumari! Nilicheka peke yangu. Siku hiyo pia ndiyo nilijua kwa nini filimbi ya D inaingia sawasawa kwenye tuni hizo: noti ya makao, ile tuni inayorudia, ni A, lakini G inabaki chini bila kupandishwa, na noti zote zimo kwenye filimbi. Miaka mingi ya akodioni na hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Na kakangu alijibu. Sauti ya WhatsApp, kwanza ananiuliza, "Dada, hii inalia au inacheka?" Kisha akaipiga yote kwa fidla, kule kujikwaa kwa Marshall kumo, ila mwishoni kaiteleza noti kitaarabu. Mwalimu aliisikiliza ukumbini kwenye simu yangu akaomba irudiwe, akaichukua ile telezo ajaribu. Bibi alikuwa anapita na vikombe vyake. Nilipandisha sauti.

Kamati nimewaandikia barua pepe, hawajajibu hata kwa kunitukana. Ada hairudishwi, nimeuliza. Baada ya darasa wenzangu huenda baa kupiga pamoja, mie na maji yangu ya machungwa, na huko kila mtu anarekodi na hakuna anayeguna.

Haya, nyota tatu. Bibi akitoka kwenye kamati, nne.