Uzoefu wangu na The Power of the Dog ya Don Winslow

Kabla hujatoa pesa yako, angalia jina la mwandishi. Kuna riwaya mbili zenye jina hili. Ya Thomas Savage, ya mwaka 1967, ndiyo iliyozaa filamu ya Jane Campion ya 2021, na inahusu wafugaji wa Montana. Niliyoisoma mimi ni ya Don Winslow, iliyotoka 2005: kitabu kinene cha zaidi ya kurasa 500 kuhusu ofisa wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, anayeacha sheria nyuma yake na kuifanya kazi kuwa kisasi.

Ofisa huyo ni Art Keller. Mama yake Mmeksiko, baba Mmarekani, na amepitia Vietnam. Tunakutana naye miaka ya sabini huko Sinaloa, mashamba ya kasumba yakiteketezwa milimani. Hapo anajenga urafiki na polisi mmoja wa Kimeksiko, Miguel Ángel Barrera, ambaye kila mtu anamwita Tío. Tío anampa habari, Keller anapata sifa kazini, vigogo wa zamani wanaangushwa. Akija kushtuka, anakuta amemfagilia njia mtu hatari kuliko wote waliotangulia. Kuanzia hapo tunavuka karibu miaka thelathini, na chuki yake haipoi hata siku moja.

Nimesoma riwaya nyingi za askari waliogeuka. Nyingi ni zile zile: mke ameuawa, askari anatupa kitambulisho chake mezani, anaingia mtaani na bastola, nasi tunashangilia. Winslow hakupita njia hiyo, na ndiyo sababu nakisifu kitabu hiki. Kwake, ofisa anaanza kupotea akiwa mezani, kalamu mkononi.

Keller anatega vinasa sauti, bila kibali cha mtu yeyote, katika nyumba ambamo Tío amemweka kimada wake. Habari zinamiminika, lakini hawezi kuwaambia wakubwa wake zinatoka wapi. Basi anabuni mtoa habari. Anampa jina la siri, Chupar, na kumwandika kwenye ripoti kama mtu halisi, mwenye pumzi. Mizigo inakamatwa, wakubwa wanafurahi. Upande wa pili nao wanaanza kutazamana: kuna mtu anatuchoma, ni nani? Mwishowe wanamteka Ernie Hidalgo, mwenzake Keller, mtu mwenye mke na watoto, wanamtesa ili amtaje Chupar.

Hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje kwanza. Mateso yenyewe yanatisha, ndiyo, lakini kilichoniuma zaidi ni kujua kwamba hata kama Ernie angetaka kuzungumza, hakuna mtu wa kumtaja. Anakufa kwa ajili ya jina lililotungwa ili faili lionekane safi. Na Keller anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko yeyote. Kila anachofanya baada ya hapo, hata kukubali kusema uongo chini ya kiapo mbele ya Bunge la Marekani kuhusu operesheni za siri za Amerika ya Kati, ili tu aachiwe nafasi ya kuwawinda akina Barrera, ni deni la kifo kile. Unamhurumia na unamwogopa kwa wakati mmoja.

Anayeijua historia ataona mara moja kwamba nyuma ya Ernie yuko Enrique Camarena, ofisa wa DEA aliyetekwa Guadalajara tarehe 7 Februari 1985, mwili wake ukapatikana mwezi uliofuata. Nayo hadithi ya kweli ina sura yake ya kuvunja sheria. Mwaka 1990 Wamarekani walipanga daktari wa Guadalajara, Humberto Álvarez Machaín, atekwe na kusafirishwa hadi El Paso, wakimtuhumu kwamba alimhudumia Camarena ili mateso yaendelee. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kutekwa huko hakuzuii kesi. Kesi ikasikilizwa, na mwaka huo huo jaji akamwachia kwa kukosa ushahidi. Kwa hiyo usije ukadhani mwandishi ametia chumvi.

Sisi wa Pwani tuna sababu yetu ya kukisoma. Ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Mombasa Novemba 2014 baada ya kufanya biashara ya dawa za kulevya na watu waliojidai wajumbe wa genge la Colombia, kumbe ni watoa habari wa DEA. Januari 2017 wakapandishwa ndege kwenda New York huku mawakili wao wakilalamika kwamba shauri la kuwahamisha bado liko mahakamani. Wote wawili walikiri makosa, na Baktash akafungwa miaka 25, Ibrahim 23. Unga umemaliza vijana wa mitaa yetu, sina machozi kwa wauzaji. Lakini nikiwa na Keller mkononi, suala la utaratibu halikuwa dogo tena kwangu.

Kasoro zipo. Nora Hayden, mwanamke mkuu wa kitabu, ana akili na ujasiri, ila mara nyingi anatumika kuunganisha wanaume kuliko kuishi maisha yake. Sehemu za Hell's Kitchen, New York, na muuaji wa Kiairishi Sean Callan, zinasomeka vizuri lakini zinachelewa sana kukutana na za Meksiko. Majina ni mengi mno. Mimi niliyaandika ndani ya jalada, nani ni ndugu ya nani na nani anamlipa nani, na bila orodha hiyo ningepotea. Sentensi ni fupi, za wakati uliopo, zinakimbia. Mtu wa Kiingereza cha kawaida atazimudu.

Padri Parada ndiye niliyempenda kuliko wote. Anavuta sigara, anabishana na wakubwa wa kanisa, na maskini wanamjua kwa sura. Amechorwa kwa kumtazama Kardinali Juan Jesús Posadas Ocampo, aliyepigwa risasi uwanja wa ndege wa Guadalajara Mei 1993. Kila anapoingia ukurasani, Keller anapata mtu wa kumwambia ukweli usoni.

Kama una watoto wadogo, au huvumilii ukatili, acha. Kuna tukio la darajani Colombia ambalo sitalisimulia, nami natamani ningeliruka. Wengine wote, kisomeni. Nakipa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa ajili ya Nora.

Mkikipenda, hadithi inaendelea katika The Cartel ya 2015 na The Border ya 2019. Zifuateni kwa mpangilio huo, maana kila kitabu kinafichua mwisho wa kilichotangulia katika kurasa zake za mwanzo.