Chupa nne za spritz na wifi asiyependa uchungu

Wifi yangu hapendi kitu chochote kichungu. Hata kahawa yake ni maziwa yaliyobadilishwa rangi tu. Ndiyo maana niliponunua chupa nne za vileo vichungu vya kutengenezea spritz nyumbani, yaani kinywaji cha divai yenye mapovu, kileo kichungu na soda, nilimwita yeye aje kuonja. Mimi uchungu naupenda mno, ulimi wangu haufai kuamua peke yake.

Chupa zenyewe ni Aperol, Campari, Select na Cynar, zote za Italia. Tulizinywa Jumamosi sita, chupa moja moja, tusije tukasingiziwa.

Aperol ndiyo inayojulikana na wengi. Ilianza kuuzwa Padova mwaka 1919, kileo chake ni asilimia 11, na kipimo chake ni chepesi kukumbuka: sehemu tatu prosecco (divai nyeupe ya Italia yenye mapovu), mbili Aperol, moja maji ya soda. Kwa glasi moja napima mililita 90, 60 na 30. Inanukia ganda la chungwa lililochemshwa kwenye sukari, na uchungu wake unaingia mwishoni kabisa, kwa kunyata. Wifi alimaliza glasi akaomba nyingine. Mimi niliona tamu kupita kiasi, nikailaumu Aperol wiki nzima.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Prosecco niliyochukua iliandikwa "Extra Dry", nikaamini hiyo ndiyo kavu kuliko zote, yaani yenye sukari kidogo zaidi. Siyo. Extra Dry ina sukari gramu 12 hadi 17 kwa lita, na iliyo kavu kuliko hiyo ni Brut, ambayo haifiki gramu 12 au huishia hapo hapo. Jumamosi iliyofuata nilitumia Brut, na Aperol ile ile ikawa kinywaji kingine. Ukiokota jambo moja humu, liwe hilo la lebo.

La pili ni namna ya kumimina. Mwanzoni nilikuwa natia Aperol kwanza, kama anayechanganya sharubati na maji. Ikakaa chini, nzito kwa sukari yake, juu divai imebaki nyeupe. Nikachukua kijiko nikakoroga, na kila nilipokizungusha mapovu yalipanda juu yakapasuka. Glasi ilipofika mezani gesi ilikuwa imekwisha. Sasa najaza barafu mpaka mdomoni, namimina prosecco polepole nikiwa nimeinamisha glasi, kisha Aperol juu yake. Inashuka yenyewe katikati ya barafu, nyuzi nyuzi za rangi ya chungwa, na njiani inajichanganya. Soda mwishoni, kijiko nakiinua mara moja tu kutoka chini, basi. Na barafu usiionee huruma: vipande viwili vitatu vinayeyuka upesi na kukuachia maji ya rangi, ila glasi iliyojaa hubaki baridi muda mrefu.

Campari ni ya zamani kuliko zote nne, ilitoka Novara mwaka 1860. Kileo chake hutofautiana nchi na nchi. Chupa yangu imeandikwa asilimia 25. Niliitengeneza kwa kipimo kile kile cha tatu, mbili, moja. Wifi akaonja, akafumba jicho moja, akatulia. Halafu kwa adabu zake zote akauliza, "Wifi, hii ni dawa ya nini?"

Sikumlaumu. Hata mimi koo lilinikauka. Nilipunguza Campari mpaka mililita 30 na kuongeza soda ifike 45, hapo ndipo ladha ya chungwa na mizizi ikajitokeza badala ya kupigana. Hiki sasa ndicho kinywaji changu cha jioni. Yeye hajaigusa tena.

Sasa Select, chupa ambayo sikuitarajia chochote. Ni ya Venice, ya mwaka 1920, kileo asilimia 17.5, na ukali wake uko katikati ya Aperol na Campari. Venice na eneo lake la Veneto ndiko spritz ilikokulia. Inasemekana wanajeshi wa Austria waliokuwa huko karne ya 19 waliona divai ya wenyeji kali, wakaomba inyunyiziwe maji kidogo, na neno lenyewe linatokana na kitenzi cha Kijerumani cha kunyunyiza. Wenyeji wa Venice hutia zeituni ya kijani ndani ya glasi. Nilidhani ni pambo, nikaiacha glasi ya kwanza. Ya pili nikaitia, na ile chumvi kidogo ya zeituni ikaushika uchungu ukalainika. Wifi alikunywa yote, akala na zeituni, akaniuliza kama nimeweka sukari. Sikuweka.

Cynar sijui niisemeje. Ilianza mwaka 1952, ina majani ya artichoki, mboga ya Ulaya, pamoja na mitishamba mingine, kileo asilimia 16.5. Rangi yake ni kama chai ya rangi iliyokaa, na ukiichanganya na prosecco haipendezi machoni hata kidogo. Wifi aliona mboga kwenye lebo akakataa kabla sijafungua. Mimi nilipenda ladha yake ya udongo na kipande kinene cha chungwa, lakini glasi moja yanitosha kwa mwezi. Mgeni simpi.

Kumfidia nilimtengenezea Hugo, isiyo na chupa yoyote kati ya hizo nne. Ilibuniwa mwaka 2005 Tirol Kusini, kaskazini mwa Italia: prosecco, soda, shira ya maua ya elda (mti mdogo wa Ulaya) na majani ya nanaa. Nanaa usiyaponde, yatatoa ukakasi. Yapige kofi moja kati ya viganja, harufu itatoka yenyewe. Shira nayo mililita 20 zinatosha. Nilipotia 40 hata wifi alilalamika, na yeye si mtu wa kulalamikia sukari.

Prosecco iliyobaki niliwekea kijiko cha chai shingoni, nilivyofundishwa, nikaiweka kwenye friji. Kesho yake haikuwa na povu hata moja. Nikanunua kizibo cha kubana, kile chenye mikono miwili ya chuma, na sasa chupa inafika siku ya pili ikiwa bado inafaa.

Nitanunua tena Select kwanza, halafu Campari. Aperol nitainunua kwa ajili ya wageni. Cynar iko nyuma ya kabati, imebaki zaidi ya nusu, na wifi kila akija anaisukuma ndani zaidi.