Ampu ya saizi ya pedo: 44 Magnum au PowerStage 170?

Kama unapiga gita kwenye bendi na umechoka kubeba ampu nzito kwenye daladala, hizi mbili zinaingia kwenye begi la pedo (vile vifaa vidogo vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gita) kabisa, ukifika unahitaji boksi la spika tu. Electro-Harmonix 44 Magnum inatoa wati 44 kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, kimeandikwa nyuma yake), ina nobu moja ya sauti na kaswichi ka kuongeza ukali, basi. Ukiikaza sana inaanza kukwaruza, na kwa mtu wa roki hiyo ndo raha yenyewe, lakini sisi wa dansi na benga tunaotaka solo isikike safi juu ya dramu na tarumbeta, inatuishia nguvu mapema. Halafu inataka adapta yake ya volti 24, ile ya volti 9 ya pedo haifai, ukiisahau nyumbani shoo imekufa.

Seymour Duncan PowerStage 170 bei imechangamka, ila wati 170 kwenye omu 4 si mchezo jamani, inabaki safi hata ukumbi ukijaa, na ina nobu za besi, midi (sauti ya kati) na trebo so ukikuta spika ya watu ina sauti ya ajabu unarekebisha palepale. Waya wa umeme unachomeka ukutani moja kwa moja.

Kwa kazi ya kila wikendi nachukua PowerStage bila kusita, Magnum ikae kwenye begi kama akiba ampu kubwa ikizima katikati ya wimbo. Kwa zote tumia waya wa spika, sio wa gita, na Magnum usiipe spika ya omu 4.