Kiofisi cha mahesabu Mgandini, mafao ya mzee tumeyaelewa

Wa Tanga wenzangu mlio na mzee nyumbani anakaribia kustaafu, mpelekeni kile kiofisi cha mahesabu mtaa wa nyuma ya soko la Mgandini. Mimi nimempeleka baba mdogo. Ana mafao ya sehemu mbili, NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) na mfuko wa kampuni aliyokuwa anafanyia kazi, na kazini walimpa karatasi ina jumla moja tu, imetokaje hakuna aliyemwambia, mzee halali anawaza.

Dada wa pale kamwamkia vizuri, kachukua kalamu, akaanza kuitenganisha ile jumla. Mzee wangu, hivi ni vitu viwili. NSSF wanatazama mishahara ya ile miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, wanapata wastani wa mwaka, wanazidisha kwa miezi uliyochangia, wanagawa kwa 580. Hiyo ndo pensheni ya mwaka. Ukiizidisha kwa 12.5 ukachukua asilimia 35 (2022 ilikuwa 33, baadae ikapandishwa) unapata mkupuo, yaani hela unayopewa kwa mara moja, na ile asilimia 65 iliyobaki ya pensheni ya mwaka inagawanywa kwa 12 ndo unalipwa kila mwezi. Akampigia mfano wa mshahara wa milioni 1 kwa mwezi na miezi 240 ya michango, mkupuo unakuja kama milioni 21.7 na kila mwezi kama laki 2 na 69 elfu. Hapo baba mdogo akavuta kiti karibu! Na miezi isipofika 180 pensheni ya kila mwezi hakuna, ndo maana wale wa mikataba ya vipande vipande mashambani kwenye mkonge wahesabu michango yao mapema jamani, mwajiri kama hapeleki ujue leo.

Mfuko wa kampuni yake hauna 580 wala nini, ni michango yake na ya mwajiri na faida iliyozaa humo, basi. Kilichokuwa kinamtisha mzee ni kwamba akichukua hela ya kampuni NSSF watamkata. Hawakati, kikotoo chao hakiulizi umepata nini kwingine. Ila mfuko wa kampuni una kanuni zake wenyewe, kwahiyo dada kamwambia akaombe kile kitabu cha kanuni na taarifa ya michango ya kila mwaka, asisaini kitu kabla hajaviona, na mimi naona huo ushauri peke yake unatosha hela tuliyolipa.

Kasoro zipo. Pale ndani joto, feni moja, wazee wanasubiri wamesimama barazani na hilo walirekebishe kwa kweli maana wateja wao ndo hao wazee. Halafu mahesabu wanakuandikia kwa mkono, ukitaka yachapwe useme mapema.

Nyota nne. Nendeni na salary slip za zamani na taarifa ya michango ya NSSF, bila hivyo watawarudisha, na Ijumaa wanafunga kuanzia saa sita.