Pakiti ya Vipepeo vya Karatasi: Karatasi Bora, Kalamu Dhaifu

Mwanzoni mwa likizo ya Agosti nilinunua pakiti ya kutengenezea vipepeo vya karatasi katika duka moja la vitabu karibu na Moi Avenue, jijini Nairobi, kwa shilingi 850, ili mimi na binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 11, tupate kazi ya mikono ya jioni. Ndani yake mna karatasi 12 nyeupe zilizochapwa maumbo ya vipepeo kwa mistari hafifu, kalamu ya wino mweusi, rangi za maji, brashi, gundi na uzi wa kuning'inizia. Hadi sasa tumetengeneza vipepeo 9.

Karatasi ndiyo fahari ya pakiti hii. Jalada linaeleza kuwa ina uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba, ilhali karatasi ya kawaida ya fotokopi huwa na gramu 80, na uzito huo ndio unaolifanya bawa lisimame lenyewe baada ya kukunjwa badala ya kulegea kama jani lililonyauka. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya maumbo yamechapwa bila kujali mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi inayokunjwa kwa kufuata nyuzi zake hukubali bila shida, lakini ikikunjwa kwa kuzikatiza, mkunjo hupasuka na kuonyesha weupe katikati ya rangi. Tulilipunguza tatizo hilo kwa kuweka rula na kupitisha ncha ya kalamu iliyokwisha wino juu ya mstari kabla ya kukunja.

Utamu wa kazi yenyewe umo katika kuchora mandhari ndani ya mabawa, na hapo ndipo tulipokaa jioni nyingi zaidi. Kipepeo ana mabawa manne: tuliyapa yale ya mbele anga na yale ya nyuma nyasi na miti ya migunga, kisha vilima vya Ngong vikapita katikati. Mstari wa vilima unapoanzia bawa la kushoto, sharti upotelee nyuma ya kiwiliwili na kutokea bawa la kulia kwa kimo kilekile, kwa maana ukipishana kwa milimita tatu tu, jicho huona michoro miwili isiyohusiana. Kijitabu cha maelekezo hakisemi lolote kuhusu jambo hili, na mimi naliona kuwa pengo kubwa.

Mapambo yanahitaji njia nyingine, kwa sababu bawa la kulia sharti lifanane na la kushoto kama kwenye kioo. Tulichora upande mmoja kwa penseli laini, tukaikunja karatasi katikati na kusugua mgongo wake kwa ukucha, na alama zikahamia upande wa pili zikiwa hafifu lakini za kutosha kufuatwa. Tuliazima mpangilio wa kanga: pindo likazunguka ukingo wa mabawa, na michoro ya korosho ikajaa kwenye mji, yaani sehemu ya katikati.

Kalamu ndiyo iliyotuudhi. Wino wake haustahimili maji, na mara ya kwanza tulipopaka anga juu ya vilima vilivyokwisha kuchorwa, mstari wote ulitawanyika ukawa kijivu. "Shangazi, mlima umeyeyuka!" alisema yule mtoto, na alikuwa ameutumia muda wake wote wa jioni. Tangu hapo tunapaka rangi kwanza, tunaiacha ikauke kabisa, ndipo tunachora kwa wino. Onyo la mstari mmoja kwenye jalada lingemwepusha mtoto na huzuni hiyo.

Gundi inatosha na uzi hauna neno. Miongoni mwa maumbo, nililipenda lenye mikia, linalofanana na dume la Papilio dardanus wa misitu ya Kenya. Majike wa aina hiyo katika bara letu kwa kawaida hawana mikia, na wengi wao huiga rangi za vipepeo wengine wasiolika na ndege. Mtoto alipolijua hilo, alikata mikia ya karatasi moja kwa mkasi na kumchorea jike wake mabawa ya rangi ya chungwa yenye ncha nyeusi na madoa meupe.

Nilirudi dukani kuuliza kama karatasi hizo zinauzwa peke yake. Muuzaji alisema kwamba haziuzwi, kwa hiyo nimenunua pakiti ya pili kwa ajili ya karatasi, pamoja na kalamu nyingine ya wino usioyeyuka.