Mafunzo ya Jumamosi ya kutengeneza mchezo wa kivinjari, Mwanjelwa

Kwa Jumamosi nne nilihudhuria mafunzo ya kutengeneza mchezo wa vita vya angani katika chumba kimoja cha kompyuta Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kwa sehemu kubwa nimeridhika. Mwalimu alianza na mchezo wa Space Invaders wa mwaka 1978, akaeleza kwamba maadui wake huongeza kasi kadiri wanavyopungua kwa sababu mashine ya wakati ule ilipata wepesi kila ilipobakiwa na picha chache za kuchora; kisha akatutaka tuiige tabia hiyo kwa makusudi, maana kompyuta za leo hazielemewi na mzigo mdogo kama huo. Somo bora lilikuwa la mwendo: chombo changu kilitambaa kwenye kompyuta kuukuu na kuruka kama panzi kwenye mpya, mpaka nilipofanya hesabu ya kuzidisha, kasi yake mara muda uliopita tangu picha iliyotangulia ichorwe kwenye skrini. Sauti zilipitiwa juu juu tu. Hatukuambiwa kwamba vivinjari huzizuia mpaka mchezaji abonyeze kitu, nami nikapoteza jioni nzima nikilaumu spika. Ukienda Julai, vaa sweta, kwani vidole huganda kwenye kibodi.